MBWA ALIYEOGOPA KUACHWA PEKE YAKE

Fundi mmoja wa saa alikuwa na mbwa mdogo, rangi yake kama mchanga. Kwa muda wa miaka saba mbwa huyo alilala chini ya meza ya kazi, karibu na miguu ya bwana wake. Fundi alipokwenda sokoni alifuatana naye, na alipokwenda kusali mbwa alimngoja mlangoni pa kanisa. Kisha fundi akafa. Dada yake, aliyekuwa mwanamke mzee, akamchukua mbwa, akampa mjukuu wake, kijana wa darasa la sita, amtunze.

Shule ilipofunguliwa, baba alikwenda kazini, mama shambani, na kijana shuleni. Mbwa akafungiwa nyumbani. Waliporudi waliona mlango umeparuzwa, mkeka umeraruliwa, sakafu imelowa mkojo, na kucha mbili za mbwa zinatoka damu. Majirani wakasema kwamba alilia tangu walipotoka. Baba akatwaa fimbo akampiga. Siku ya pili mambo yakawa vivyo hivyo, na siku ya tatu yakazidi. Ndipo baba akasema, "Mwanangu, majirani wamechoka. Kama kelele hizi hazikukoma kabla ya shule kufungwa, mbwa huyu hatakaa hapa tena." Kijana alifahamu maana ya maneno hayo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyemtaka mbwa yule.

Basi akaenda kwa daktari wa mifugo.

"Shikamoo, Bwana Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Una shida gani?"

Kijana akaeleza habari yote. Daktari akampima mbwa kwanza, kwa maana mbwa mwenye maumivu au ugonjwa wa kibofu huweza kulia na kukojoa ovyo. Alipoona ni mzima, alisema, "Kesho mtoke kama desturi, lakini wewe ujifiche penye upenyo umtazame." Kijana akafanya hivyo. Mbwa hakucheza na mkeka hata kidogo. Alikwenda huku na huku, akahema, mate yakamdondoka. Kisha akaanza kulia na kuukwaruza mlango ule ule waliotokea.

"Huo si ukaidi," alisema daktari, "ni hofu."

Mbwa ni jamaa ya mbwa-mwitu, na mbwa-mwitu huishi pamoja, huwinda pamoja na kulea watoto wao pamoja. Tena kwa maelfu ya miaka wanadamu wamewafuga mbwa na kuwazoeza kukaa karibu nao. Basi si ajabu mbwa mwingine akiona kuachwa peke yake kuwa ni hatari kubwa, hasa akiwa amehamishwa nyumba au amefiwa na bwana wake.

Fimbo haiondoi hofu hiyo. Mbwa apigwaye jioni hafahamu kwamba anaadhibiwa kwa mkeka alioutatua asubuhi. Ajualo ni kwamba bwana wake arudipo huja na maumivu. Hujikunyata na kuinamisha kichwa, na watu husema, "Tazama, anajua kosa lake". Kumbe anaogopa uso wenye hasira tu. Hivyo siku ya pili huwa na hofu mbili, hofu ya kuachwa na hofu ya kurudiwa.

Tena hofu huanza kabla mtu hajatoka. Katika nchi ya Urusi alikuwako mwanachuoni jina lake Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849 na kufa mwaka 1936. Alikuwa akichunguza jinsi chakula kisagwavyo tumboni, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1904. Pavlov aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate kabla hawajaonja chakula, kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Walikuwa wamejifunza kwamba jambo moja hufuatwa na jingine. Vivyo hivyo mbwa wa fundi alijua kwamba mkoba wa shule na mlio wa ufunguo hufuatwa na upweke. Lakini lililofunzwa huweza kufunzwa upya, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa kijana.

Kwanza, wakati wote wa mafunzo mbwa asiachwe peke yake kupita uwezo wake. Kwa hiyo kila asubuhi kijana alimpeleka kwa bibi yake, akalala karibu naye alipokuwa akisuka ukili.

Pili, ishara za kuondoka zipoteze maana yake. Kijana alitwaa mkoba, kisha akaketi kusoma. Alichukua ufunguo, kisha akaenda kuteka maji mtungini. Alirudia mara nyingi, hata mbwa akawa hainui tena kichwa.

Tatu, alitoka nje na kurudi kabla mbwa hajaanza kuhangaika. Mara ya kwanza alihesabu mpaka tano tu. Baada ya siku chache alihesabu mpaka ishirini, kisha ikawa dakika moja, kisha tatu. Mara nyingine alifupisha muda, ili mbwa asione kwamba kila safari ni ndefu kuliko ile iliyotangulia.

Nne, kabla ya kutoka alimtembeza, kisha akatawanya chakula kidogo sakafuni ili mbwa akitafute kwa pua. Chakula hicho kilikuwa kipimo pia, kwa maana mbwa mwenye hofu nyingi hali. Kama hakikuguswa, kijana alijua amekwenda mbio mno.

Tano, alitoka kwa utulivu na kurudi kwa utulivu, bila maagano marefu wala makelele.

Siku moja kijana alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, akamwacha mbwa nusu saa, naye alikuwa amezoea dakika nane tu. Aliporudi alimkuta analia mlangoni. Siku ile hakumpiga wala hakumkaripia. Alijilaumu mwenyewe, na kesho yake akaanza tena kwa dakika mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Daktari alikuwa amemwonya pia kwamba kumfungia katika kizimba mbwa mwenye hofu kama hii huweza kumfanya avunje meno na kucha akitafuta kutoka. Wako pia mbwa ambao hofu yao ni kali hata mafunzo peke yake hayatoshi. Hao daktari huweza kuwapa dawa pamoja na mafunzo, lakini mtu asimpe mbwa dawa za wanadamu kwa kubahatisha.

Siku ya mwisho kabla ya kufunga shule, baba alirudi mapema, akasimama nyuma ya ukuta asionekane. Ndani hamkuwa na mtu kwa saa mbili. Alisikia kuku wa jirani, na kwa mbali shoka la mkata kuni. Akachungulia, akamwona mbwa amelala juu ya mkeka, pua yake juu ya miguu. Jioni ile hakusema neno juu ya kumwondoa. Na fimbo iliyokuwa nyuma ya mlango ikarudishwa zizini kwa mbuzi.

MASWALI

1. Kijana alijuaje kwamba mbwa hakuwa mkaidi?
2. Kwa nini fimbo iliongeza ubaya badala ya kuuondoa?
3. Mbwa wa Pavlov walijifunza nini, na mbwa wa fundi alijifunza nini?
4. Kwa nini kijana alijilaumu siku ile ya mpira?
5. Taja hofu moja ya mtoto mdogo, ueleze jinsi iwezavyo kuondolewa kidogo kidogo.