SOMO LA MAZINGIRA: PETE, NGOMA NA KINYAGO HUTUGHARIMU NINI?



Sanaa ni heshima ya jamii. Pete huvishwa siku ya ndoa, ngoma huwaita watu uwanjani baada ya mavuno, na kinyago humpatia mchongaji ada ya shule ya watoto wake. Hata hivyo, ni mara chache tunapouliza vitu hivi vimetokana na nini na vimeacha nini nyuma yake. Somo la toleo hili linahusu swali hilo, kwa kuwa jibu lake linagusa hewa tunayoivuta, maji tunayoyanywa na miti inayotuzunguka.

Nyayo za kazi ya sanaa

Kila kazi ya sanaa huacha nyayo katika mazingira. Nyayo hizo hupimwa kwa maswali manne: malighafi imetoka wapi? Imetumia moto au umeme kiasi gani? Imesafirishwa kwa njia gani? Mabaki yake yametupwa wapi?

Mwaka 2020, wenye kumbi za sanaa jijini London waliunda umoja uitwao Gallery Climate Coalition. Lengo lao ni kupunguza hewa ukaa inayotokana na shughuli zao kwa angalau nusu ifikapo mwaka 2030. Kwao mzigo mkubwa ni usafiri, hasa wa ndege, kwa sababu picha na sanamu hupelekwa kutoka bara hadi bara kwa maonyesho ya siku chache. Katika ukanda wetu wa Shinyanga na Geita hali ni tofauti. Mzigo wetu mkubwa uko mwanzoni mwa safari, pale malighafi inapochimbwa au kukatwa.

Dhahabu na zebaki

Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, kisha zebaki huchanganywa ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na ndiyo maana watu wengi huudharau.

Sumu hii hushambulia mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni pamoja na kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi. Mtoto aliye tumboni huweza kuathirika ubongo kabla hajazaliwa. Zebaki inayoingia majini hubadilishwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujikusanya katika samaki na kurudi mezani kwetu. Kunywa maziwa hakuzuii sumu hii. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba hatari haiishii mwaloni. Dhahabu iliyochomwa mara moja bado huwa na zebaki kidogo ndani yake. Inapofikishwa dukani na kuyeyushwa upya, mabaki hayo hutoka kama mvuke katikati ya mji, jirani na mama lishe na watoto watokao shuleni. Kwa hiyo sonara naye yumo katika somo hili.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zipunguze na, inapowezekana, zikomeshe matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo. Umetaja pia mambo ya kukomeshwa, yakiwemo kuchoma donge mahali pa wazi na kulichoma katika makazi ya watu. Chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza hunasa sehemu kubwa ya mvuke na kumrudishia mchimbaji zebaki yake. Pamoja na kulinda afya, chombo hicho humwokolea fedha.

Ngoma, matimba na ngitili

Ngoma za Kisukuma huchongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mashindano ya Bagika na Bagalu hayawezekani bila miti. Lakini gogo moja la ngoma hudumu miaka mingi, ilhali duara moja la mgodi humeza matimba mengi kwa muda mfupi, na mkaa huchukua yaliyosalia. Msanii akikosa gogo, chanzo mara nyingi si msanii mwenzake.

Shinyanga inalifahamu vema somo hili. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na kuhamishwa kwa watu katika miaka ya 1970 viliongeza uharibifu, hadi mkoa ukafananishwa na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kama HASHI. Mradi huo haukuleta utaratibu mgeni. Ulirejea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika na kulifungua wakati wa kiangazi. Mwanzoni zilikuwapo hekta 600 hivi za ngitili. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mizizi na visiki vilivyokuwa ardhini vilichipua vyenyewe vilipopewa nafasi.

Mifano ya wenzetu

Wilayani Kilwa, mwaka 2009, wanavijiji walipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu ya asili yenye mpingo, mti unaotumika kwa vinyago na kwa ala za muziki kama klarineti. Tangu hapo wamekuwa wakiuza magogo kwa mpango, na fedha hurudi kijijini.

Nchini Kenya, wachongaji wa Kikamba walipoona miti migumu inatoweka waligeukia mwarobaini, unaokua haraka na unaopatikana kwa wingi. Jijini Nairobi, msanii Cyrus Kabiru ametambulika duniani kwa miwani anayoitengeneza kwa vyuma na nyaya zilizotupwa. Nao Wajapani walitengeneza medali zipatazo 5,000 za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo kwa madini yaliyotolewa katika simu na vifaa chakavu vilivyochangwa na wananchi. Humo zilipatikana kilo 32 za dhahabu bila kuchimba shimo jipya.

Wajibu wetu

1. Mchimbaji na sonara: usichome dhahabu nyumbani, jikoni wala ndani ya duka lisilo na njia ya kunasa mvuke. Chombo kilichotumika kwa zebaki kisirudi kupikia.

2. Mnunuzi wa pete: muulize sonara kama anaweza kuyeyusha kito chako cha zamani. Dhahabu haichakai.

3. Mchongaji: fuata utaratibu wa kibali chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ukianzia serikali ya kijiji. Kwa kila gogo, panda na utunze miche.

4. Kaya yenye ardhi: tenga ngitili, hata iwe ndogo.

5. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo yenu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Kikundi cha sanaa kinachotumia malighafi chakavu au miti ya kupandwa kinaweza kuomba kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mwenye kuona uchomaji wa zebaki karibu na makazi au shule atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, Kijiji au Kata. Aliyefanya kazi na zebaki kwa muda mrefu na kuona dalili zilizotajwa afike kituo cha afya na aeleze kazi yake bila kuficha, ili mganga ajue pa kuanzia.