Mzee Mwenye Kusahau Akitoka Hospitali ya Lemera

1. Kabla hamjatoka hospitalini. Mweleze muuguzi mzee alivyokuwa wiki iliyopita: je, aliwatambua wajukuu, alikwenda shambani peke yake? Kusahau kulikoanza miaka mingi nyuma ni jambo moja. Kuvurugika akili ndani ya siku mbili tatu ni jingine, na mara nyingi kuna ugonjwa nyuma yake: malaria, upungufu wa maji, maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa. Uliza wamekuta nini.

Karatasi ikiwa ya Kifaransa, uombe ufafanuliwe, kisha urudie maelezo kwa kinywa chako. Mzee akijibu kwa Kifuliru tu, mtafsirie. Wengi wanaopoteza kumbukumbu hurudia lugha ya utotoni, na asiyeielewa atadhani anaropoka.

2. Dawa. Tia zote kwenye mfuko mmoja, za zamani, mpya na za kienyeji, umwonyeshe daktari. Prometazini na diazepamu huweza kumvuruga mzee zaidi. Kwinini huweza kushusha sukari ya damu na kufanya masikio yavume. Anayeimeza asilale na njaa.

3. Njiani. Asiyeweza kujishikilia asipandishwe pikipiki. Kipoyi, yaani machela ya kubebwa na watu, ni salama zaidi.

4. Usiku. Hapa ndipo familia nyingi huchoka. Acha taa ndogo, mtu mmoja anayemfahamu alale karibu, na mchana aketi nje kwenye mwanga. Akilia kwamba askari wanakuja, usimbishie wala usimcheke. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali hiyohiyo, na wazee wa Lemera wanayakumbuka mauaji hayo. Siku alizolala wodini zaweza kuyarudisha yote. Mshike mkono, taja jina lako, mwambie yuko nyumbani.

5. Majirani. Waambie mapema kwamba ni mgonjwa. Katika Kivu ya Kusini akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake hushukiwa upesi. Mwombe mchungaji au chifu wa kijiji alitamke wazi mbele ya watu. Naliona hili kuwa na uzito sawa na dawa.

6. Kurudi hospitalini. Kuvurugika kwaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Lakini akilala mno asiamshike, akikataa kunywa, akipata homa au degedege, au akianguka na kugonga kichwa, mrudisheni siku hiyohiyo, na mfuko wa dawa mkononi.