SOMO KWA VYAMA: RISASI NDOGO YA NAMNA MPYA NA WANYAMA WAHARIBIFU WA MAZAO



Swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara katika ziara za ukaguzi, Rungwe, Kilolo na hata kule Usangu. Je, yafaa chama cha mazao kitoe fedha kununua bunduki nyepesi pamoja na risasi ndogo za namna mpya, ili kuwapunguzia wanachama hasara itokanayo na wanyama waharibifu? Wauliza swali hawafanyi mzaha. Mtu aliyelala dunguni miezi miwili, kisha akaenda msibani siku moja tu na kurudi akakuta mabua matupu, ana haki ya kuuliza. Lakini fedha itakayotumika ni ya wanachama wote, na chombo chenyewe chaweza kuua mtu. Kwa hiyo hapana budi tulipime jambo hili kabla ya kulipigia kura.

Kwanza tuelewe risasi yenyewe. Risasi hizi ndogo huitwa za ukingo kwa sababu fataki yake haikuwekwa katikati ya kitako kama ilivyo katika risasi kubwa za kuwindia. Imepakwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda. Kipini cha bunduki kikiuponda ukingo huo, fataki hulipuka, nayo huwasha baruti. Kwa kuwa ganda lenyewe hupondeka, haliwezi kujazwa tena. Likitumika mara moja limekwisha. Na kwa kuwa ukingo ni lazima uwe laini kiasi cha kupondeka, ganda haliwezi kuhimili nguvu kubwa ya baruti. Ndiyo maana risasi za ukingo zitabaki kuwa ndogo, muuzaji aseme asemavyo.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya kipenyo cha inchi 0.22, yaani milimita 5.6, iliyotoka Marekani mwaka 1887 na inayouzwa mpaka leo duniani kote. Kipande chake cha risasi huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 370 kwa sekunde au pungufu kidogo. Mwaka 2002 kampuni ya Hornady ilileta ya inchi 0.17, yenye kipande cha gramu 1.1 tu lakini kiendacho zaidi ya mita 750 kwa sekunde. Iliyo mpya kabisa ni ya inchi 0.21, iliyotangazwa na Winchester mwaka 2024. Katika ile ya zamani, kipande cha risasi ni kinene sawa na ganda, na kisigino chake tu ndicho kinachoingia ndani. Muundo huo hukubali madini ya risasi ambayo ni laini, lakini huyasumbua madini magumu. Katika hii mpya kipande chote kimepunguzwa unene kikaingia ndani ya ganda. Hivyo ni rahisi kukitengeneza kwa shaba bila kutumia madini ya risasi yenye sumu. Kipande chepesi cha gramu 1.6 huenda zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Sifa hiyo ya kukosa sumu si ndogo kwa mtu atakayemla ndezi aliyempiga, maana chembe za madini ya risasi hubaki katika nyama hata zisipoonekana.

Basi, uzuri wake upo. Hugharimu baruti kidogo, haisukumi bega, sauti yake si kubwa, na mpigaji aliyefundishwa huweza kumlenga mnyama mdogo kwa umbali wa mita 70 au 80, mahali ambapo bunduki ya marisau ingetawanya chembe zake bure. Tatizo ni kwamba wanyama wanaotula sisi wa Nyanda za Juu Kusini si wa umbo moja wala tabia moja, na hapo ndipo sifa nyingi za risasi hii zinapoanguka.

Panya shamba ndiye adui mkubwa kuliko wote, ingawa ndiye anayetajwa kidogo mikutanoni. Hufukua mbegu ya mahindi iliyopandwa jana na kukata miche. Watafiti nchini wamekadiria hasara ya mahindi kutokana na panya kuwa kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka, na katika miaka ya mlipuko hasara huzidi hapo. Jike mmoja huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, baada ya mimba ya wiki tatu na siku chache. Hakuna bunduki inayoweza kushindana na hesabu hiyo. Dawa yake ni mitego, kusafisha mipaka ya mashamba, na zaidi ya yote wakulima jirani kutenda siku moja, kwa kuwa shamba likisafishwa peke yake hujazwa na panya wa jirani upesi sana. Kituo cha Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimeshughulika na panya kwa miongo mingi. Barua ya chama kwenda huko hugharimu nauli ya barua tu.

Kwelea kwelea wa Mbarali nao tuwaache kando. Kundi la ndege milioni moja, kila mmoja akiharibu gramu 10 za nafaka kwa siku, humaliza tani 10 kwa siku. Hilo ni jambo la taarifa ya mapema kwa Afisa Kilimo ili serikali ipulizie mahali wanapolala, pamoja na vijana wa kuamia. Kumfyatulia risasi kwelea mmoja mmoja ni kuchekesha.

Nyani na nguruwe pori ndio wanaotajwa zaidi, na hapa nataka makatibu wasome polepole. Nyani dume hufikia kilo 25, nguruwe pori huzidi kilo 60. Risasi hizi zote tatu zilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wa kiasi cha sungura na ndezi, pengine tumbili, ambaye wengi wetu humwita ngedere. Nyani akipigwa nayo mara nyingi haanguki. Hukimbilia msituni na jeraha akafe kwa siku nyingi. Huo ni ukatili, na haumfai mkulima, kwa sababu kundi halioni maiti wala halisikii kishindo cha kulitia hofu. Nguruwe pori aliyejeruhiwa ni hatari zaidi: huja usiku, na atakayefuata damu yake alfajiri kwenye matete atakutana naye uso kwa uso. Kwa nguruwe, na kwa nyani inapobidi, anayestahili kuitwa ni Afisa Wanyamapori wa Wilaya, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama, akiwa na silaha ya kiasi chake. Tembo sina haja ya kumtaja, ila nimesikia kijana mmoja akimtaja, kwa hiyo nasema: hapana, kabisa.

Wanaobaki ni ndezi, sungura na tumbili. Hawa ndio ambao risasi ndogo yawaweza. Lakini tumbili naye ana jambo lake, hasa kwa vyama vilivyo pembezoni mwa misitu. Katika msitu wa Mlima Rungwe mwaka 2003, na katika msitu wa Ndundulu upande wa Kilolo mwaka 2004, watafiti walimthibitisha nyani mdogo ambaye Wanyakyusa walikwisha kumjua na kumwita kipunji. Mwaka 2006 ikabainika kuwa ni wa jenasi ya peke yake, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kama 1,100 tu, na hakuna mahali pengine duniani anapopatikana. Naye hutoka msituni kula mahindi. Ana kishungi cha nywele zilizosimama kichwani, uso mweusi, na ncha ya mkia iliyo nyeupe. Sauti yake hulia kama honi iliyochanganyika na mbweko. Saa kumi na mbili asubuhi, katika ukungu wa Rungwe, mpigaji aliye umbali wa mita 80 akiona mkia tu juu ya mabua hawezi kumtambua. Chama kikimpa mtu risasi bila kumpa elimu hii, basi chama ndicho kilichompeleka mahakamani.

Sasa usalama wa watu. Udogo wa risasi huwadanganya wengi wakaiona kama manati ya kisasa. Ile ya 0.22 ikipigwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Ikipiga jiwe au maji kwa mshazari, kipande chake kizito chenye mwendo mdogo hudunda na kwenda upande usiotarajiwa. Vipande vyepesi viendavyo kasi huvunjika zaidi, hivyo hudunda kidogo, ila nako si kwamba havidundi. Fikirini migomba ya Rungwe: nyuma ya kila mgomba pana nyumba. Fikirini miteremko ya Kilolo, shamba juu, njia ya watoto wa shule chini. Mpigaji haruhusiwi kufyatua mpaka aone udongo nyuma ya mnyama. Tumbili aliye juu ya mti, mbingu nyuma yake, hapigwi. Sharti hilo peke yake huondoa nafasi nyingi za kupiga, na yafaa wanachama walijue kabla ya kutoa fedha.

Tena, risasi za ukingo hukataa kuwaka mara nyingi kuliko zile za fataki ya katikati, hasa zikikaa mahali penye unyevu. Bohari nyingi za Rungwe zina unyevu hata wa kuotesha kuvu kwenye magunia. Ikikataa kuwaka, mtutu uelekezwe chini penye udongo laini, ahesabu hadi 30 polepole, ndipo afungue. Wengi hufungua papo hapo ili watazame.

Tuje kwenye hesabu. Tuchukue chama cha mfano chenye wanachama 120. Nusu yao wamepakana na msitu, kila mmoja akiwa na ekari 2 za mahindi, na kila ekari hupoteza gunia 1. Hasara ni magunia 120. Mlinzi mmoja mwenye bunduki moja hawezi kuwa mahali pote. Tuseme afikia robo ya mashamba hayo, na huko apunguza hasara kwa nusu. Kilichookolewa ni magunia 15. Magunia hayo 15 ndiyo yalipe bunduki, risasi, ada, mafunzo, kabati la chuma, na posho ya mlinzi. Na ikiwa fedha itatokana na makato ya mauzo, wale wanachama 60 walio mbali na msitu watalipia kitu kisichowagusa. Huenda wakakubali, maana ushirika ni kusaidiana. Lakini waulizwe mkutanoni, wasikate shauri wajumbe watano wa Bodi jioni moja. Kila chama kiweke takwimu zake mahali pa hizi za mfano, kisha kilinganishe na zamu za madungu, mbwa, na madebe ya kupiga kelele, ambavyo kwa nyani hufanya kazi kubwa kuliko tunavyokiri.

Upatikanaji nao upimwe. Risasi ya 0.17 fupi iliyotoka mwaka 2004 ilisifiwa sana, lakini baada ya miaka michache wateja walipungua na watengenezaji wengi wa bunduki wakaiacha. Risasi mpya ni ahadi. Ya zamani ni bidhaa. Nimewahi kukagua chama kilichouziwa maboksi ya risasi ambazo hazikuingia katika bunduki yoyote wilayani. Katika leja ziliandikwa "pembejeo", na ziliendelea kuandikwa hivyo kila mwaka.

Kuhusu sheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015 haimruhusu mtu kuwa na silaha wala risasi bila leseni, na maombi huanzia kijijini na kupitia Polisi na Kamati ya Ulinzi na Usalama. Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009 nayo haigeuki kwa sababu mtu ana leseni ya bunduki. Kupiga mnyama kunahitaji ridhaa yake yenyewe. Kwa hiyo Katibu amwandikie kwanza Afisa Wanyamapori, kabla ya kuomba bei kwa mfanyabiashara yeyote. Atazame pia masharti ya chama kama yanaruhusu matumizi ya namna hii.

Chama kikiamua kuendelea, risasi ziwe na daftari lake, mbali na daftari la bohari. Kila siku iandikwe zilizotolewa, jina na sahihi ya aliyepewa, shamba alikokwenda, zilizorudi, na maganda yaliyorudi. Zilizorudi pamoja na maganda zilingane na zilizotolewa. Ganda moja likikosekana, aulizwe siku ile ile, na kesho yake asipewe nyingine mpaka jibu limeandikwa. Funguo za kabati ziwe mbili, mikononi mwa watu wawili wasio wa nyumba moja.

Mvua za kupandia huanza Novemba. Vyama vinavyotaka kulijadili jambo hili viliweke katika ajenda ya mkutano mkuu mapema, na barua ya mwaliko kwa Afisa Wanyamapori ipelekwe siku 21 kabla, ikiwa na orodha ya mashamba yaliyoharibiwa, ekari zake, na jina la mnyama kama alivyoonwa kwa macho, si kama anavyodhaniwa.