HABARI ZA NAMBA 4,294,967,297

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za namba moja kubwa, maana ndani yake mna funzo kwa kila afanyaye hesabu.

Kwanza tukumbuke kuwa namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 3, 5 na 17.

Sasa chukua 2, uizidishe kwa yenyewe, upate 4. Nayo 4 uizidishe kwa yenyewe, upate 16. Ukiendelea hivyo utapata 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Halafu kila moja uiongeze 1, ukianzia na ile 2. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa hodari sana wa hesabu, alizitazama namba hizi. Tano za kwanza zote ni tasa. Akaamini kuwa na zote zinazofuata ni tasa, lakini hakuweza kuthibitisha. Alikufa mwaka 1665.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa ile ya sita inagawanyika. Je, yapasa kuijaribu kila namba tasa ndogo? La. Euler alithibitisha kuwa namba tasa yoyote iwezayo kuigawanya hii, yenyewe ikigawanywa kwa 64, lazima ibakishe 1. Basi 3, 7, 11 na nyingi nyingine twaziacha. Za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za mwanzo hazigawi kamili. Ya tano inagawa, na jibu ni 6,700,417. Mwenye shaka na achukue kalamu:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Tazameni basi: mifano mitano ilikubali, wa sita ukakataa. Mwalimu akituambia "thibitisha", mifano haitoshi hata ikiwa mingi. Anataka sababu inayoshika kila namba.

Hata leo, katika mfululizo huu, haijapatikana namba tasa nyingine baada ya 65,537. Je, tuseme kuwa haipo kabisa? Tukisema hivyo tutakuwa tumefanya kama Fermat, maana hakuna aliyekwisha kulithibitisha jambo hilo. Kazi hiyo bado inamngoja mtu, na haikuandikwa popote kwamba asitoke katika shule kama yetu.