Kumwambia Mwenzako Habari za Mtoto Wake

Baadhi ya akina mama wa hapa Muze wametuomba tuandike juu ya jambo moja: ukiona mtoto wa rafiki yako hakui kama inavyotazamiwa, je, umwambie mama yake au unyamaze? Sisi tulifundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na hatua za ukuaji wa mtoto tulizichora ubaoni kila mwaka. Hata hivyo siku tulipotakiwa kuzitumia nje ya darasa, tulishindwa.

Ilikuwa hivi. Rafiki yetu alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi tisa, mnene na mchangamfu. Siku moja tulikuwa tukipukuchua mahindi naye uani, mfuniko wa sufuria ukaanguka nyuma ya mtoto. Kuku walitimka, sisi tulishtuka, mtoto akaendelea kuchezea gunzi lake. Tuliona, tukanyamaza. Wiki zilizofuata tukaona tena, tukawanong'oneza mama wengine wawili, kumbe nao walikuwa wameona. Basi tulijua watu watatu, na mama wa mtoto peke yake hakuambiwa. Mtoto alitimiza miaka minne ndipo ilipothibitika kuwa hasikii. Mama yake alipopata habari kwamba tulishuku tangu zamani, alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, na wewe ulikuwa unaniogopa?"

Ndiyo, tuliogopa, na sababu yake kila mtu hapa anaijua. Mtoto akichelewa kukaa au kutembea, watu husema amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Wengine husema ametupiwa kitu. Kwa hiyo ukimwambia mama kwamba mtoto wake amechelewa, yeye husikia kwamba unamshitaki. Wanafunzi nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Bwana akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi (Yohana 9). Sababu za kweli ni nyingine: mtoto kuchelewa kupumua alipozaliwa, manjano makali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, malaria kupanda kichwani, mama kukosa madini joto wakati wa mimba. Na mara nyingine hata daktari haioni sababu.

Sasa, kabla ya kufungua kinywa, yafaa tujue kuchelewa ni nini. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na miezi 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Tazameni nafasi hiyo ilivyo pana! Mtoto wa miezi 13 asiyetembea huenda hana shida yoyote, na wachache hawatambai kwa mikono na magoti hata siku moja, bali husimama tu wakaenda. Aliyezaliwa kabla ya wakati, miezi yake ihesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Tusimtishe mama wa watu kwa sababu wa kwetu alitembea mapema.

Lakini mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado haijakaza, wa miezi tisa asiyekaa, wa mwaka mmoja na nusu asiyetembea au asiye na neno hata moja, huyo apelekwe. Vilevile yule anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au aliyeanza kufanya jambo kisha akaliacha. Huyo wa mwisho asingoje hata juma moja.

Juu ya masikio tuseme zaidi, kwa kuwa ndiko tulikokosea. Mtoto asiyesikia naye hutoa sauti za kitoto miezi ya kwanza, na hilo huwadanganya wengi. Baadaye sauti hizo hupungua. Ukitaka kumpima nyumbani, simama nyuma yake asipoona kivuli chako, wala usipige sakafu, maana atausikia mtikisiko mwilini. Mwite kwa sauti ya kawaida, mara kadhaa, siku mbalimbali. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na nyingine zimefuata, lakini mtoto anayefika shuleni bila lugha yoyote, hata ya ishara, amekwisha kupoteza miaka ambayo mwalimu hawezi kumrudishia.

Mwaka juzi tulipata nafasi nyingine. Mtoto wa jirani, msichana, alikuwa na miezi kumi na bado alianguka kama gunia akikalishwa. Safari hii hatukumwambia mtu mwingine. Tulimfuata mama yake jioni, wakati mama mkwe hayupo, tukamwambia tulichokiona tu, bila kutaja ugonjwa: "Mama, nimeona mtoto akikalishwa anaangukia upande mmoja. Wewe unamwonaje?" Alikasirika. Kwa siku kumi alitujibu salamu kwa kichwa. Kisha akaja alfajiri na kadi ya kliniki, akasema alikuwa ameona mwenyewe tangu mwezi wa sita, ila alingoja mtu amwulize.

Tulikwenda naye kliniki. Hapa tuwaonye: mtoto hupimwa uzito, na alama ikiwa mahali pazuri kwenye kadi, mama huondoka amefurahi. Mizani haipimi masikio wala viungo. Lazima useme kwa kinywa chako, "Mtoto wangu hakai," na useme tangu lini. Alisema, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali Sumbawanga. Tulipanda mlima naye, wakati wa masika, barabara mnaijua.

Jibu lilikuwa mtindio wa ubongo. Hautibiki ukaisha, na hatukumficha. Lakini alifundishwa namna ya kumnyoosha mtoto viungo kila siku, namna ya kumbeba, na namna ya kumlisha asipaliwe. Sasa mtoto ana miaka miwili na miezi mingi, anakula ugali kwa mkono wake wa kushoto na kumwaga mboga yote. Seremala mmoja wa hapa alimtengenezea kiti chenye ubavu mrefu pande zote mbili, meza ndogo mbele na mkanda wa kitambaa. Mwenye mtoto wa namna hiyo na aje kukitazama. Vipimo vyake tumeviandika daftarini.