Popo na Panya Darini: Kwanza Watoke, Ndipo Uzibe

SOMO LA KIKUNDI

Shabaha: Baada ya somo hili mwanachama aweze kumtambua mnyama aliye darini, kumtoa bila moto wala sumu, na kuziba paa asirudi.



Pande zetu za Thika, Juja na Ruiru zimebadilika. Mashamba mengi ya kahawa yamekatwa ploti, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012. Miti mizee yenye mashimo imekatwa pia. Popo aliyezoea kulala katika shimo la mti sasa anaona nafasi iliyo chini ya mabati ni makao mazuri: kuna joto, kuna giza, na paka hafiki. Panya naye anafuata gunia la mahindi.

Methali inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kwa paa kuna nyongeza: usizibe ufa mgeni akiwa bado ndani. Ukimfungia, atakufa na kuoza humo, au atatoboa dari aingie kwa chumba cha watoto.

Kwa nini si moshi wala sumu?

Mbao za paa ni kavu. Cheche moja ikishika, nyumba imekwenda. Sumu nayo haichagui. Panya aliyekula sumu hufia mahali ambapo mkono haufiki. Paka au bundi akimla panya huyo, naye anaweza kufa, na hao wawili ndio askari wetu wa bure. Mtoto akiiokota, ni kukimbilia hospitali. Popo naye hula wadudu usiku, na jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Tunataka atoke nyumbani mwetu, si afe.

HATUA ZA KUFUATA

1. Mtambue. Angalia kinyesi. Usikiguse kwa mkono. Kiponde kwa kijiti. Cha popo hupondeka kuwa unga, na ndani utaona vipande vya mabawa ya wadudu vinavyong'aa. Cha panya ni kigumu. Panya pia huacha alama za meno kwa mbao na nyaya za stima. Nyaya zilizotafunwa huweza kuleta moto, kwa hiyo mwite fundi wa stima kabla ya kufanya kazi nyingine huko juu.

2. Tafuta mlango. Wanachama wawili watatu wasimame pembe za nyumba kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa moja na nusu usiku. Tazameni popo wanatokea wapi. Mara nyingi ni pale ukuta unapokutana na mawimbi ya bati, chini ya kofia ya paa, au kwa matundu ya hewa yasiyo na waya. Mchana tafuteni tena: shimo la upana wa penseli linamtosha panya mdogo.

3. Sikiliza watoto. Popo wakubwa wakishatoka, sikilizeni darini. Mkisikia milio ya vichanga, ngojeni wiki kadhaa mpaka waweze kuruka, kisha msikilize tena. Aina nyingine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo msitegemee kalenda, tegemeeni masikio.

4. Ziba matundu yote isipokuwa ule mlango mkubwa. Juu ya ukuta jaza vipande vya mawe na simiti mpaka kugusa bati. Kwa matundu ya hewa tumia waya ya kofi trei, ile ya kuanikia kahawa, ambayo sisi watu wa kahawa tunaijua vizuri. Chagua ile ambayo penseli haipiti. Matambara na magazeti hayafai, panya hutafuna. Usizibe hewa kabisa. Nyumba lazima ipumue.

5. Weka mlango wa kutoka tu. Juu ya tundu lililobaki pigilia neti ya kivuli, ile ya kitalu. Ikaze juu na kando zote mbili, na chini uiache wazi ining'inie kama pazia, kiasi cha nusu mita chini ya tundu. Popo hutambaa kwenda chini na kutoka. Akirudi, anatua penye tundu na kukuta neti. Iache siku saba, hakikisha hakuna anayetoka tena, ndipo uzibe.

Panya hatoki kwa pazia. Yeye mtegee mitego kabla ya kuziba ule mlango wa mwisho, mpaka usiku kadhaa upite bila kunasa. Kata matawi yaliyo karibu na paa, kama mita mbili. Mahindi yawekwe kwa pipa la chuma lenye kifuniko.

6. Safisha. Usifagie kinyesi kikavu, kwa sababu vumbi lake laweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Funga pua na mdomo, vaa glavu, nyunyiza maji yenye sabuni na dawa ya kuua viini, kisha zoa kikiwa kibichi. Safisha na mifereji kabla maji ya mvua hayajaingia kwa tangi.

TAHADHARI

Usishike popo kwa mkono mtupu. Mwaka 2018 virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, viligunduliwa kwa popo nchini Sierra Leone, na vikapatikana pia kwa popo aliyenaswa karibu na milima ya Taita hapa Kenya. Haijathibitishwa kwamba vimemfanya mtu yeyote augue, basi tusiogope, tuwe waangalifu. Mtu akiumwa na mnyama yeyote wa mwitu, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Kukiwa na kanu darini, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nyuki waachieni mfugaji wa nyuki.

KAZI YA KIKUNDI

Ajuza anayeishi peke yake hawezi kupanda ngazi. Pesa za meri-go-raundi za mzunguko mmoja zinunue waya ya pamoja, ngazi iazimwe, na kikundi kianze na nyumba za wasiojiweza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni nyumba zipi kwetu zina dalili za wanyama darini?
2. Nani kati yetu anatumia sumu ya panya, na anaiweka wapi?
3. Kwa nini tunaogopa bundi, na anatusaidia kwa nini?
4. Tuanze na nyumba ya nani, na siku gani?