Kifafa: Elimu Iliyotunzwa Maktabani Yatufaa Nyumbani

Mwezi huu tunazungumzia kifafa, pamoja na swali ambalo wazazi hutuuliza kliniki: "Ninyi wauguzi mnajuaje kwamba dawa hii inafaa na ile inayouzwa mnadani haifai?" Ni swali la haki. Mzazi hatoshelezwi na jibu la "daktari kasema". Basi tuone elimu hiyo inatoka wapi.

1. JARIDA LA TIBA NI NINI?

Ni chapisho linalotoka mara kwa mara, ambamo watafiti huandika waliyoyaona: wagonjwa walikuwa wangapi, walipewa dawa gani, wangapi walipata nafuu na wangapi hawakupata. Katika majarida mazuri, kila makala husomwa kwanza na wataalamu wengine ili watafute kasoro zake.

Majarida hayo ni maelfu, na bila orodha mtu hawezi kupata anachotafuta. Maktaba ambayo leo ni Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza kuchapa orodha ya makala mwaka 1879. Siku hizi orodha hiyo imo ndani ya kompyuta, inaitwa PubMed, na ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35. Tangu mwaka 1997 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuitumia bila malipo. Ipo pia PsycINFO ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, inayokusanya habari za akili na tabia, ila hiyo hulipiwa.

Mara nyingi PubMed huonyesha muhtasari tu, na makala kamili huuzwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari, ili hospitali na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo visome majarida bure au kwa bei nafuu.

2. MFANO WA MAHENGE

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliwatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta Wapogoro wengi wenye ugonjwa huu wakitengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto. Alianzisha kliniki na kuwapa dawa ya kumeza kila siku, na wengi wakapata nafuu. Aliandika pia kwamba baadhi ya watoto walikuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia.

Mwaka 1965 makala yake ilitoka katika jarida la magonjwa ya akili liitwalo Acta Psychiatrica Scandinavica. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu, lakini katika hospitali nyingi za kwetu hutibiwa kliniki moja na magonjwa ya akili.

Miaka mingi baadaye, watoto wa kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda walionekana wakitikisa kichwa vivyo hivyo. Madaktari walipopekua majarida ya zamani, walikuta habari za Mahenge. Mwaka 2008 watafiti wengine walichapa uchunguzi mpya juu ya watoto wa Mahenge wenye dalili hiyo. Leo tunajua kwamba kifafa ni kingi zaidi mahali penye usubi mwingi, yaani ule ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo waumao kando ya mito. Kama yule daktari asingeandika, habari za watoto wale zingepotea.

3. MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

(a) Kifafa hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayana kifafa. Hofu hii ndiyo inayofanya watu wamwache mtoto aungue motoni wakati wangeweza kumvuta.
(b) Akianguka, mwondoe penye moto au maji, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Degedege likipita dakika tano, mkimbize hospitali.
(c) Dawa, kwa mfano fenobabitoni, humezwa kila siku. Usiikatize ghafla hata kama mgonjwa haanguki tena, kwani degedege laweza kurudi kwa nguvu na kumuua.
(d) Mgonjwa asipike peke yake kwenye moto wa wazi, wala asiende mtoni peke yake.
(e) Mahali dawa ya usubi inapogawiwa, msikwepe.

4. UKISIKIA DAWA MPYA

Uliza: Imejaribiwa kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Je, anayeisifu ndiye anayeiuza? Ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi, na hata utafiti mmoja hautoshi. Tunatafuta tafiti kadhaa zinazokubaliana. Yapo pia majarida yanayochapa chochote mradi mwandishi alipe. Kwa hiyo andika jina la dawa, au leta karatasi au simu yenye tangazo hilo, tuliangalie pamoja. Ila usimwachishe mgonjwa dawa yake wakati unasubiri jibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto mwenye kifafa aliyezuiwa kwenda shule? Nani atakwenda kuongea na wazazi wake?
2. Mtu akianguka kanisani au sokoni, sisi tutafanya nini?
3. Ni dawa gani ya kifafa tumesikia ikisifiwa, na tunajuaje kama ni kweli?